Kabla Hujaomba Leseni ya Bastola, Soma 1 Samweli 25



Swali hili limenifikia mara nyingi, na leo nimeona nilijibu hapa mbele ya wote badala ya kumjibu mmoja mmoja kwa simu. Linakuja hivi: "Mchungaji, niko na duka, niko na familia, na wezi wamenizoea. Je, mtu aliyeokoka anaweza kununua bastola?"

Anayeuliza huwa si mhuni. Ni baba wa Kiamunyi anayefunga duka saa tatu usiku na kutembea na mauzo ya siku mfukoni. Ni mama wa Lanet anayewekwa na wenzake kubeba pesa za chama. Ni mkulima wa Bahati aliyeamka akakuta zizi tupu na mbwa amelishwa sumu. Miaka ile vijana wa genge la Confirm walipokuwa wakiwahangaisha watu wa Bondeni, Kivumbini na Kaptembwo, hata wazee wa maombi waliniuliza jambo hili, wakinong'ona.

Nitajibu kwa kifupi halafu nieleze. Kuomba leseni ya bastola si dhambi. Lakini wengi wenu mnaoniuliza hampaswi kuwa nayo, na nitawaonyesha andiko la kujipimia.

Kwanza wale watakaonijia juu. Najua mtaandika hapa chini kwamba damu ya Yesu inatosha. Amina, inatosha. Lakini hebu tuambiane ukweli: nyumba yako ina geti, geti lina kufuli mbili, juu ya ukuta kuna nyaya za stima, na pale uani kuna mbwa anaitwa Simba. Kanisa letu lenyewe linamlipa mlinzi wa usiku, na rungu yake haijawahi kupingwa na mtu kwenye kikao cha wazee. Zaburi ya 127 inatufundisha kwamba mlinzi akikesha bila Bwana anajichosha bure, lakini haimfuti kazi mlinzi. Wajenzi wa Nehemia, sura ya 4, walishika kazi kwa mkono mmoja na silaha kwa mkono wa pili, na walikuwa watu wa maombi kuliko sisi.

Kuhusu Bwana wetu mwenyewe, Luka 22 ina mambo mawili ndani ya usiku mmoja. Katika mstari wa 36 anazungumza habari ya kununua upanga, hata kama ni kwa kuuza joho. Saa chache baadaye upanga unatumika, sikio la mtu linakatwa, na Yesu anakomesha jambo lile na kuliponya sikio la mtu aliyekuja kumkamata. Anayehubiri nusu ya kwanza peke yake anakupa sahani nusu, na anayehubiri nusu ya pili peke yake vilevile. Mimi naona hivi: kuwa na upanga hakukumshtua Yesu. Kilichomfanya aseme "basi" ni Petro kuamua mwenyewe, kwa hasira, lini autumie.

Shikilia hilo, maana ndilo neno langu la leo.

Swali hili si geni kwa kanisa la Kenya. Oktoba 2013, baada ya wachungaji kuuawa kule Pwani, baadhi ya viongozi wa makanisa ya Mombasa walisimama hadharani wakaiomba serikali iwape bunduki za kulinda makanisa yao. Wengine waliwacheka. Mimi sikucheka, maana Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia kanisani Likoni siku ya Jumapili na kuwamiminia waumini risasi. Usimhukumu mchungaji mwenye hofu kama hujawahi kuzika kondoo waliouawa wakiwa wamekaa kwenye viti vya ibada.

Na mwezi mmoja kabla ya ombi lile la Mombasa, taifa zima lilikuwa limeona bastola ya raia ikifanya kazi njema. Jumamosi ya 21 Septemba 2013, magaidi waliingia Westgate, Nairobi. Kabla vikosi vya serikali havijajipanga, raia kadhaa wenye leseni pamoja na polisi wachache waliingia ndani na kuanza kutoa watu. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, ambaye sasa ni Seneta wa Garissa. Ndugu yake alikuwa amekwama ndani. Wengi mnaikumbuka ile picha ya mtoto mdogo wa kizungu akimkimbilia, mwanamume Mwislamu mwenye bastola mkononi. Watu 67 waliuawa katika shambulio lile, na wangekuwa wengi zaidi kama watu hawa wangebaki nje. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mkono wenye silaha ni wa shetani kila mara.

Lakini hapa kwetu Rift Valley tuna kisa kingine, na huyu ndiye ninayemfikiria kila mtu anaponiambia, "Mchungaji, ni ya kujilinda tu."

Pale Soysambu, karibu na Ziwa Elementaita, Tom Cholmondeley, kitukuu cha yule Lord Delamere wa enzi za wakoloni, alikuwa na ardhi, alikuwa na silaha, na alikuwa na sababu za kuogopa majambazi, maana eneo lile lilikuwa na wizi. Aprili 2005 alimpiga risasi ofisa wa KWS aliyekuwa kazini bila sare, akichunguza biashara ya nyama ya porini. Ofisa akafa. Cholmondeley alisema aliwadhania ni majambazi, na Mwanasheria Mkuu akaiondoa kesi mahakamani. Wamasai waliandamana kwa uchungu. Mei 2006, mwaka mmoja tu baadaye, mwanamume mwingine akafa kwa risasi kwenye shamba lilelile. Huyu alikuwa mwashi wa mawe, mtu wa kijiji, aliyeingia na wenzake na mbwa. Safari hii maelezo yalikuwa kwamba alilenga mbwa. Mwaka 2009 mahakama ilimkuta na hatia ya kuua bila kukusudia, na akafungwa miezi 8 juu ya miaka kama mitatu aliyokuwa amekaa rumande Kamiti. Yeye mwenyewe alifariki 2016.

Sisemi hayo ili kumsimanga marehemu. Nasema kwa sababu mtu aliweza kusema "nilidhani" mara moja, na mlango wa kusema hivyo mara ya pili ukawa umefunguka. Mjane wa Gilgil hawezi kupika neno "nilidhani" akalisha watoto.

Sasa sikiliza Kutoka 22, mstari wa 2 na wa 3. Mwizi akikutwa anavunja usiku, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekucha, ana hatia. Ni mwizi yuleyule na nyumba ileile, tofauti ni jua tu. Kwa nini? Kwa sababu usiku huoni kama amekuja kuiba au kuua, na huna njia nyingine. Mchana unaona, unaweza kupiga kelele, unaweza kumtambua na kumpeleka mbele ya waamuzi. Mungu anauliza: ulikuwa na njia nyingine?

Mahakama zetu zinauliza swali hilohilo. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kinaturudisha kwenye kanuni za zamani za kujitetea: hatari iwe inakukabili sasa, na nguvu unayotumia ilingane na hatari hiyo. Mwizi anayekimbia na televisheni yako si hatari tena. Ukimpiga risasi mgongoni, hujajitetea, umelipiza. Na kuua bila kukusudia kunaweza kukufunga maisha. Tuko katika nchi ambayo mtu akipigiwa kelele ya "mwizi!" pale Free Area, tairi na petroli vinapatikana kabla ya polisi. Sisi tayari ni wepesi wa kumwaga damu ya kijana aliyeiba simu. Ukituongezea bastola, tutakuwa wapole zaidi au wepesi zaidi? Jijibu mwenyewe.

Ndiyo maana nimekutuma kwenye 1 Samweli 25.

Daudi ametiwa mafuta. Ni mtu wa zaburi. Anamlindia Nabali mifugo yake nyikani, halafu wakati wa kukata manyoya ya kondoo anatuma vijana waombe chakula. Nabali anawatukana na kuwarudisha mikono mitupu. Angalia mstari wa 13. Daudi haombi na hasemi tukeshe kwanza. Anaagiza kila mtu ajifunge upanga, na watu 400 wanamfuata wakiwa na silaha kwa sababu ya matusi na mikate! Njiani anaapa kwamba kufikia asubuhi hatabakiza mwanamume hata mmoja katika nyumba ile.

Huyo ndiye wewe pale Salgaa, matatu imekukata mbele na kondakta amekutukania mama. Ndiye wewe kwenye kesi ya mpaka wa shamba na ndugu yako kule Njoro. Ndiye wewe usiku wa manane, umeona ujumbe kwenye simu ya mke wako. Daudi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema mwenye upanga karibu na hasira.

Ndipo anatokea Abigaili na punda zake, mikate na divai. Anashuka, anainama, anasema na mtu mwenye silaha kwa upole, na kumkumbusha kwamba siku atakapokuwa mfalme asiwe na damu hii moyoni. Na Daudi anasikia! Mstari wa 32 na 33, anamshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke aliyemzuia asimwage damu na kujilipizia kisasi kwa mkono wake mwenyewe. Watu 400 nyuma yake wanatazama, na anageuka kurudi bila kuona aibu.

Kwa hiyo swali langu kwako unayetaka leseni ni moja. Abigaili wako ni nani? Ni nani duniani anaweza kukuambia "hapana" ukiwa umekasirika, na ukasikia? Kama jibu ni "hakuna," acha. Kama mke wako hunyamaza ukiinua sauti, acha. Kama watoto husikiliza hatua zako mlangoni ili wajue leo umekuja na hali gani, ndugu yangu, bastola kwako si ulinzi. Nyumba hiyo tayari ina mtu wa kuogopwa.

Usiniambie mafunzo yatakuponya hasira. Julai 2021, hapa hapa Nakuru, ofisa wa polisi aliuawa kwa risasi, na mshukiwa aliyetafutwa nchi nzima kwa siku nyingi alikuwa ofisa mwenzake. Desemba mwaka huohuo kule Kabete, ofisa mwingine alimuua mke wake na watu wengine, kisha akajiua. Hawa walifunzwa kazi ya silaha kuliko utakavyofunzwa wewe.

Serikali nayo, kwa njia yake, inamtafuta Abigaili. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uwe na sababu nzuri ya kumiliki silaha na usiwe hatari kwa usalama wa umma, na inamfungia njia mtu wa ulevi au asiye na akili timamu. Utapeleka cheti cha tabia njema, utachunguzwa, utapigwa msasa, na Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo itakayoamua. Wala haiishii hapo, maana cheti huhuishwa kila mwaka, na mwishoni mwa 2018 serikali iliwataka hata waliokuwa na leseni tayari wapigwe msasa upya. Wengine walilalamika kwamba wanasumbuliwa. Mimi nasema usumbufu huo ni neema. Mtu asiyevumilia kuulizwa maswali na karani hatavumilia kutukanwa na mlevi.

Na usinijie na habari ya "kuna kijana anaweza kunipatia moja kwa bei nzuri." Bastola isiyo na leseni ina historia. Pengine ilitumika kumuua mtu Nairobi mwezi jana, na sasa itakutwa chini ya godoro lako. Sipatani na jambo hilo hata kidogo. Wenzetu wa Baringo na Laikipia wamezika watu miaka mingi kwa sababu ya bunduki ambazo kila mwenye nayo alisema ni ya kulinda ng'ombe wake tu. Februari 2023 serikali ilipotoa siku tatu za kuzisalimisha kabla ya jeshi kuingia, hakuna aliyesema amenunua yake ili ashambulie jirani. Wote walikuwa wanajilinda.

Hapa lazima niseme jambo ambalo hatupendi kulisema hadharani. Sisi wa Nakuru, Molo, Njoro na Naivasha tunajijua. 1992, 1997, 2008. Wengine mnaosoma hapa mlilala kwenye mahema ya Showground. Mnajua kilichotokea Kiambaa tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Assemblies wakachomwa humo, wanawake na watoto. Bastola uliyonunua kwa sababu ya mwizi itakuwa bado iko sefuni siku redio itakapoanza kusema "wale" na "sisi". Siku hiyo utaamua nini? Mbele za Mungu, amua leo, kabla hujalipa. Kama kuna kabila moja linalokujia akilini unapowaza adui, hiyo silaha usiiguse.

Sasa kwa wewe uliyepita mizani hiyo, au tayari unayo, mambo ya nyumbani.

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mwenye nyumba mpya ajenge kizuizi kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba yake. Sefu ndiyo kizuizi chako. Haiwekwi chini ya mto wala juu ya kabati, kwa sababu mtoto wa miaka saba anajua juu ya kabati kuna nini kuliko unavyodhani. Sefu iwe ya chuma, imefungwa ukutani, na funguo au namba ziwe kwako. Mke wako ajue iko nyumbani. Nimesikia wanaume wanaoficha jambo hili kwa wake zao "ili wasiogope." Ana haki ya kuogopa, na ana haki ya kusema hapana kabla hujanunua.

Ukiibeba, iwe kwenye ala iliyotengenezwa kwa bastola hiyo, inayofunika triga, chini ya nguo. Mkoba wa kike unaowekwa chini ya meza hotelini si mahali pake, wala kisanduku cha gari unaloliacha kwa watu wa kuosha magari. Kidole hakiingii kwenye triga mpaka umeamua kufyatua, na hufyatui mpaka umejua aliye mbele yako ni nani na nyuma yake kuna nini. Ukuta wa mabati wa jirani hauzuii risasi. Haionyeshwi kwa marafiki, haiazimwi hata kwa ndugu wa tumbo moja, maana leseni ina jina lako. Haiwekwi mezani wakati wa kujadili deni. Ukienda mahali pa pombe, iache. Sheria yenyewe inafanya kuwa kosa kulewa ukiwa na silaha, na tangu lini ukawa na shughuli huko? (Hilo tutazungumza siku nyingine.) Januari 2020, ndani ya klabu moja Kilimani, kijana anayecheza muziki alipigwa risasi ya shingo na maisha yake yakabadilika kwa sekunde moja.

Na ufanye mazoezi. Daudi aliyavua mavazi ya vita ya Sauli kwa sababu hakuwa ameyazoea, akachukua kombeo analolijua. Ukienda kwenye uwanja wa shabaha siku ya kuomba leseni tu, umevaa mavazi ya Sauli.

La mwisho ni ibada zetu. Ukiwa na leseni na unataka kuja na silaha kanisani, nijulishe mimi na mzee anayesimamia usalama, kabla ya siku hiyo. Sitalitangaza. Lakini sitaki kuijua siku mhudumu anapokudaka mgongoni wakati wa maombezi na mkono wake ukagusa chuma. Unayejijua kwamba Roho akishuka unaanguka, iache sefuni, tafadhali. Na usikae na bastola upande wa watoto wa shule ya Jumapili wanaorukia kila mtu.

Wanaotaka tuzungumze zaidi, nitakuwa ofisini Jumatano baada ya maombi ya mchana. Njoo na mke wako, au mume wako, au yule ndugu anayeweza kukukatalia. Ukija peke yako nitakunywesha chai, halafu nitakurudisha ukamlete.